Mtoto amekimbilia ukurasa wa mwisho: kitabu changu cha mbio kina kasoro gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Nimeandika hadithi ya mbio za wanyama sita: Duma, Mbuni, Twiga, Sungura, Kobe na Konokono. Mchoraji ameshanipa michoro ya penseli ya kurasa zote 32. Nilipowasomea watoto wa miaka minne hadi sita, mwanzoni walitulia tuli. Tulipofika katikati wakaanza kuuliza "Nani ameshinda?", na mmoja akaninyang'anya kitabu akafunua mwisho. Nakutumia maneno na michoro. Je, nipunguze maneno, au nimwombe mchoraji arudie kazi?

JIBU: Mwalimu, huyo mtoto aliyekunyang'anya kitabu amekusaidia kuliko nitakavyokusaidia mimi. Hakuwa amechoshwa na mbio. Angechoshwa angeinuka akaenda kucheza. Kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kujua, na kitabu chako chote kina jambo hilo moja tu la kujua, nalo umelificha ukurasa wa 30. Sasa zile kurasa ishirini na kitu za katikati azipitie kwa sababu gani?

Nimeyasoma maneno, kisha nikaitazama michoro bila maneno, kisha nikavisoma vyote pamoja kwa sauti. Mchoraji wako anajua kazi, usimkatishe tamaa. Maneno ni mengi, ndiyo, lakini ukiyapunguza tu bila kugusa kitu kingine utapata kitabu kifupi chenye kasoro ileile. Kasoro iko pale ukurasa unapofunuliwa.

Kurasa 32 hazikuchaguliwa kwa sababu watoto wanazipenda. Kiwandani karatasi kubwa huchapwa, hukunjwa na kukatwa, na kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa 8 au 16, kwa hiyo idadi hupanda kwa mafungu. Katika mpangilio wako ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 na wa 3 ni haki na tabaruku. Hadithi inaanza ukurasa wa 4 na kwenda mpaka wa 31: hizo ni jozi 14 za kurasa zinazotazamana, kisha ukurasa mmoja wa pekee, wa 32, ambao wewe umeujaza kitu nitakachokigusia baadaye. Jozi 14 maana yake ni kwamba mkono wa msomaji utafunua ukurasa mara 13 katikati ya mbio, na mara moja zaidi kufika wa 32. Hizo ndizo pumzi za kitabu chako. Filamu hukimbia yenyewe, mtazamaji amekaa. Kitabu hakisogei mpaka mtoto akisogeze, na mtoto hukisogeza akiwa na kitu anachokitafuta upande wa pili.

Tuchukue jozi yako ya kurasa 12 na 13. Umeandika: "Duma akakimbia kwa kasi sana akampita Mbuni. Mbuni naye akakimbia kwa kasi sana akampita Twiga. Twiga akakimbia kwa kasi akamwacha Sungura." Mchoro unaonyesha wanyama hao wanne wamepangana vivyo hivyo, ubavu ubavu, kama wanaopigwa picha ya sherehe. Nikifunua, 14 na 15: Mbuni anampita Duma, Duma anampita tena Mbuni. Nikifunua tena, vilevile. Maneno yanasema kilichochorwa na mchoro unachora kilichosemwa, na kila jozi inajimaliza yenyewe bila kumdai mtoto chochote.

Jaribu hivi. Ukurasa wa 13, chini kulia, pale kidole kinapokaa kufunua: "Duma yuko mbele. Mbele kabisa! Hakuna wa kumshika. Ila..." Basi. Mchoro: Duma peke yake, pua yake imekwisha kuvuka ukingo wa kulia wa karatasi, mkia tu ndio unapepea nyuma. Mtoto anafunua. Ukurasa wa 14: Duma amelala chali, ulimi nje, mbavu juu chini, juu chini. Neno moja tu: "Hhhh." Na juu ya mchoro, zimekatwa na ukingo, miguu miwili mirefu yenye vidole viwiliviwili inapita. Usimtaje mwenye miguu. Watoto watamtaja wenyewe, tena kwa kelele.

Na hapo hutakuwa umemsingizia Duma. Katika rasimu yako Duma anashindwa kwa sababu ana majivuno, Mbuni kwa sababu ana majivuno, Twiga naye majivuno, Sungura ndiyo kabisa. Majivuno manne katika mbio moja! Wanyama wenyewe wana sababu nzuri kuliko hizo ndani ya miili yao. Watafiti waliowavisha duma kola za kupimia mwendo huko Botswana walichapisha matokeo yao mwaka 2013: kasi ya juu waliyoipata ilikuwa kilomita 93 kwa saa, lakini kwa wastani kila mkimbio ulikuwa wa mita 173 tu. Duma ni mnyama wa ghafla. Mbio zikiwa ndefu, pumzi inamwisha kabla ya njia. Mbuni hafikii kasi hiyo, lakini kilomita 70 kwa saa anaziweza, na anaweza kwenda umbali mrefu akiwa bado na nguvu. Kwa hiyo ni haki kabisa Mbuni ampite Duma aliyelala chali, na mtoto atajifunza jambo la kweli kuhusu duma bila kuhubiriwa. Kila mnyama mtafutie kinachomwinua na kinachomwangusha kutoka kwenye mwili wake. Twiga huona mbali kuliko wote, basi yeye ndiye wa kwanza kuona kitu kilichoko kwenye jozi inayofuata, ambacho sisi bado hatujakiona. Shingo yake ndiyo chombo chako kizuri kuliko vyote cha kumfanya mtoto afunue, na wewe umeitumia kuninginizia skafu.

Sasa michoro. Mwambie mchoraji atazame tena miguu. Kuna kosa la kale sana katika kuchora wanyama wakikimbia: miguu minne yote imenyooshwa, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, mnyama anaelea kama ubao. Wachoraji wakubwa walichora farasi hivyo kwa muda mrefu. Mfaransa Géricault alichora mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, mwaka 1821, na mchoro huo uko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hadi leo, farasi wote wakielea. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akampiga picha farasi aliyekuwa akipita mbio. Ikaonekana kwamba kwato zote huachana na ardhi, ndiyo, lakini wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa. Duma ni tofauti: yeye huelea mara mbili katika kila mzunguko, mara moja amejikunja kama ngumi na mara moja amejinyoosha, kwa sababu uti wake wa mgongo unapinda na kufunguka kama upinde. Kwa hiyo Duma wako aliyenyooka yuko sawa. Twiga wako aliyenyooka hayuko sawa. Twiga akienda mbio miguu ya nyuma hutupwa mbele kwa pamoja na kupita nje ya ile ya mbele, na shingo inakwenda mbele ikirudi nyuma kama anayepiga makasia. Ni kichekesho tayari, hakihitaji kuongezwa chumvi. Sungura naye: nyayo zake za nyuma hutua mbele ya zile za mbele. Na lile "goti" la Mbuni linalopinda kinyume si goti, ni kifundo cha mguu. Goti liko juu, limefichwa na manyoya. Mchoraji akijua hilo tu, Mbuni wake ataanza kukimbia karatasini.

Je, watoto wa miaka minne watajali kwato? Hawatasema. Lakini mnyama aliyekosewa miguu huonekana amegandishwa hewani, na mtoto huliona hilo hata kama hana maneno ya kulieleza.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi ya miguu: upande wanaoelekea. Jozi ya 20 na 21, mchoraji amewageuza wote wakimbilie kushoto. Nadhani alitaka kuondoa uchovu wa jicho, na nia ni njema, lakini sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho limeshazoea kwamba kulia ndiko mbele. Anayekimbilia kushoto katika kitabu kama hiki anaonekana anarudi nyumbani. (Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, mwenye kuchora kitabu cha hati ile atageuza kila kitu ninachokwambia hapa, wakimbiaji wake waende kushoto.) Jozi hiyo igeuzwe tu, haina haja ya kuchorwa upya, ila angalia namba za vifuani: mchoro ukigeuzwa kama kwenye kioo, namba 2 na 5 zitageuka nazo. Lakini usiufute kabisa mwelekeo wa kushoto. Uweke akiba kwa yule mmoja anayerudi kweli. Sungura wako, anapoamka na kugundua ameachwa, anaweza kukurupuka akaanza kukimbilia kushoto, kwa usingizi, hatua tatu nzima, kabla ya kugeuka. Watoto watampigia kelele: "Huko siko!" Hapo umepata kufunua kwingine bila neno hata moja.

Halafu masafa. Michoro yako kumi na miwili kati ya kumi na minne imechorwa kwa kimo kilekile, kama mtu aliyesimama kando ya uwanja na hasogei. Msogeze. Jozi moja tuwe juu kabisa, tuwaone wakimbiaji kama punje kwenye njia inayojipinda. Nyingine tuwe chini ardhini, karibu na jicho la Kobe, tuone nyasi kubwa kama miti na kwato za Twiga zikishuka kama nguzo. Nafasi tupu mbele ya mkimbiaji humwambia mtoto kwamba njia bado ndefu; pua inayogusa ukingo humwambia kwamba kitu kiko karibu kutokea. Mpe Kobe jozi nzima tupu mbele yake. Yeye kushoto, mdogo, na weupe wote uliobaki ni njia.

Nitoe la kwangu kabla sijasahau. Kitabu changu cha kwanza cha mbio nilichokihariri kilikuwa na utepe wa ushindi katikati kabisa ya jozi ya mwisho, na pua mbili zikiugusa kwa pamoja. Kwenye michoro ilipendeza sana. Vitabu viliporudi kutoka kwa wapiga chapa, mshono ulikuwa umemeza utepe na pua zote mbili. Watoto waliona mikia miwili upande mmoja na watazamaji wakishangilia upande wa pili; mshindi alikuwa amezikwa kwenye gundi. Mpiga chapa hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyepitisha. Utepe wako umeukaribia mshono kwa kidole kimoja. Usogeze kulia. Na mchoro wowote unaofika ukingoni uzidi kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikikosea kidogo kusibaki ufito mweupe mbele ya pua ya Duma.

Turudi kwa watoto wako waliouliza "Nani ameshinda?" Hadithi ya sungura na kobe wameshaisikia, au wameinusa, hilo halinisumbui. Hadithi inayojulikana ina faida yake, na imeshasimuliwa kwa njia nyingi. Katika ile ya Aesop, msimulizi wa kale wa Ugiriki, sungura analala. Katika ile waliyoiingiza ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, kwenye toleo lao la mwaka 1843, si kobe bali ni kalunguyeye, mnyama mdogo mwenye miiba, naye anamweka mkewe mwisho wa shamba, wanafanana, na sungura anakimbia huku na huko mpaka anaanguka. Na katika masimulizi mengi ya Afrika kobe anawapanga jamaa zake njiani, kila bonde lina kobe wake anayesema "Nipo!" Ona tofauti: ya kwanza haina siri, ya pili na ya tatu zina siri ambayo msikilizaji anaijua na mkimbiaji haijui. Kitabu cha picha kimeumbwa kwa ajili ya siri ya namna hiyo, kwa sababu mchoro unaweza kujua kitu ambacho maneno hayakijui.

Na siri unayo, ila umeipoteza. Konokono wako anaonekana kwenye mstari wa kuanzia, kisha simwoni tena mpaka ukurasa wa 31, anapiga makofi. (Kwa mikono ipi, hilo nalo ni swali.) Konokono hawezi kufika huko kwa mwendo wake. Kule Congham, Uingereza, wana mashindano ya konokono, na aliyeweka rekodi mwaka 1995 alitumia dakika 2 kwenda inchi 13, yaani kama sentimita 33. Kitabu chako kikiwa kimefunuliwa ni kipana kuliko hapo. Basi apande. Jozi ya kwanza yuko kwenye mstari. Jozi ya pili hayupo, lakini kuna ufito wa utelezi unaong'aa unaopanda mguu wa Twiga. Jozi ya nne amejibandika kwenye ile skafu, mdogo kama kifungo. Twiga anainama kunywa maji, chubwi!, na jozi ya sita Konokono yuko juu ya ganda la Kobe, ganda juu ya ganda. Maneno yasimtaje hata mara moja. Nani ameshinda itabaki swali, lakini sasa kila jozi ina swali lake dogo: yuko wapi? Mtoto wako mnyang'anyi akiruka mpaka mwisho atakuta pembe mbili laini zimenyooka na kugusa utepe kabla ya pua ya Kobe, na itambidi arudi nyuma kutafuta zilifikaje.

Mchoraji atahitaji jedwali kwa kazi hii, na usimwachie alishike kichwani. Safu 14, na katika kila safu: nani wa kwanza, nani wa pili, nani haonekani, Konokono yuko juu ya nani, jua liko wapi. Niliwahi kuulizwa na msichana wa miaka mitano kwa nini kitambaa chekundu cha sungura kilikuwa sikio la kulia asubuhi na sikio la kushoto mchana. Watu wazima wanne tulikuwa tumekipitia kitabu kile.

Maneno sasa, kwa kifupi. Una kama 1,400. Kwa umri huo mimi huomba yasizidi 400, na kwa Kiswahili hilo si kidogo, kwa kuwa "akampita" peke yake imeshabeba mtendaji, mtendwa na tendo. Kila "kwa kasi sana" iondoke. Kasi ni kazi ya mchoro. Ile "-ka-" ya kusimulia nayo, akakimbia, akampita, akaanguka, ikifuatana mno inakuwa kama kuita mahudhurio. Ivunje. Mpe kila mnyama mdundo wake: Duma, "Fyuu!" Mbuni, sentensi mbili fupi kama miguu yake. Na Kobe mwandikie hivi, polepole: "Kobe akainua mguu. Akaushusha. Akainua mwingine. Akaushusha." Hapo "-ka-" inafaa, kwa sababu ndiyo hatua yenyewe.

Na ukurasa wa 32. Umeweka kisanduku chenye neno "Fundisho" na mistari mitano. Kitoe. Ukurasa huo mpe Konokono, amevishwa medali inayomfunika mzima, au Duma ambaye bado amelala palepale na usiku umeingia. Uchague wewe.

Usimrudishie mchoraji michoro yote. Kwa hesabu yangu anachora upya jozi tano au sita, nyingine ni kuongeza konokono na kukata kingo. Kabla hajaanza kupaka rangi, kunja karatasi nyeupe upate kurasa 32, zipige pini katikati, ubandike michoro na maneno mapya. Kisha mwite yule mnyang'anyi. Safari hii mpe yeye kitabu: wewe usome, yeye afunue. Akifunua kabla hujamaliza sentensi, ifute sentensi hiyo. Akichelewa kufunua kwa sababu kidole chake kinamtafuta Konokono, nyamaza, usimharakishe, na weka alama ndogo kwenye kona ya ukurasa.